Jina la Kazi Yako Ni Gani?



Jioni moja kijana anamwambia baba yake: “Papa, kompani iko inatafuta bantu. Banasema nichague jina ya kazi mu liste. Yangu haiko.” Papa anashangaa: “Haiko namna gani? Weye si uko conducteur d’engins?” Mu liste wameandika “opérateur pelle”. Kazi ni ile ile, majina mawili. Kijana anafunga telefone, anaenda kulala.

Usilale haraka, kijana. Sikiliza kwanza.

Siku hizi, katika kompani nyingi, barua ya kuomba kazi inapita ndani ya programu ya ordinatere mbele ya kusomwa na mtu. Mtu wa Likasi anajua ya kuwa “soudeur” na “fundi wa kuchomelea vyuma” ni yule yule. Ordinatere haikuzaliwa Likasi. Inaona maneno tu. Ndiyo maana wenye kutengeneza programu hizo wanaunganisha majina: kila kazi inapewa jina moja kubwa, na majina mengine yanakaa chini yake kama watoto wa nyumba moja.

Mzizi wake ni wa zamani. Shirika la Kimataifa la Kazi, kule Genève, lina orodha yenye kuitwa CITP. Ile ya mwaka 2008 inapanga kazi za dunia katika mafungu makubwa 10, na ndani yake vikundi vidogo 436, kila kimoja na namba yake. Soudeur yuko 7212. Mwenye kuendesha pelle ama bulldozer yuko 8342. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulitoa orodha yake, ESCO, yenye kazi karibu 3,000 na ujuzi zaidi ya 13,000, kwa lugha nyingi.

Lakini angalia: wa pelle na wa bulldozer wana namba moja. Je, wanajua kitu kimoja? Hapana! Basi jina la kazi halitoshi. Programu nzuri inatenga vitu viwili: jina la kazi, na ujuzi, maana yake yale mikono yako inaweza.

Hapa ndipo ba papa wetu wanapotea. Katika 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha Gécamines kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Mmoja wao akiandika tu “chef d’équipe, miaka 20”, ordinatere haijui ni équipe ya nini. Ya umeme? Ya mapampu? Ya vyuma? Miaka 20 inapita kama maji.

Fanya hivi. Kwanza, soma tangazo vizuri; kama kweli ni kazi yako, andika jina kama walivyoliandika, na kando yake lile ulilozoea. Pili, taja ujuzi mmoja mmoja: si “ninajua kuchomelea” tu, lakini kwa arc ama kwa TIG, mabomba ama mabamba. Tatu, brevet ya INPP ama diploma, andika jina lake lote na mwaka wake. Nne, usikope ujuzi wa mwenzako. Programu unaweza kuidanganya, lakini siku ya majaribio watakupa chuma na électrode mkononi. Njia ya mwongo ni fupi.

Na ninyi mnaofanya kazi ku service du personnel: fundi mzuri anaweza kuachwa kwa sababu ya neno moja. Fungueni mara kwa mara yale madosie ambayo mashini imeweka pembeni.

Jioni hii, kijana, kamata bic na kaye, uulize papa ama mama: “Mikono yenu inajua nini?” Andikeni pamoja. Mtaona ukurasa mmoja hautoshi.

Tutaonana mwezi ujao.