Mtaji wako usiishie kwenye laptop

Makamanda, leo naomba tuongee hela. Sio hela ya chama wala ya kampeni, ni hela yako wewe kijana unayetaka kuanzisha biashara na umekaa na mtaji wa laki tano, laki nane au milioni moja. Nimekuwa nikiuza viungo vya pakiti hapa Temeke kwa miaka kadhaa, na vijana wenzangu wengi hunifuata kuomba ushauri. Swali la kwanza huwa si "nitauza nini" wala "nitamuuzia nani". Huwa ni "kaka, ninunue laptop gani?" Au "nani anaweza kunitengenezea website?"

Msimamo wangu nautoa mapema: biashara ndogo nyingi za vijana hazifi kwa kukosa teknolojia. Zinakufa kwa sababu teknolojia imekula mtaji kabla bidhaa haijaingia dukani. Na nusu ya pili ya hoja yangu ni kwamba serikali nayo ina mkono wake kwenye gharama hizo. Tukiongelea nusu moja tu tutakuwa tunadanganyana.

Tuanze na hesabu. Tuseme una milioni moja. Umenunua laptop iliyotumika kwa laki tano na nusu. Umempa fundi wa tovuti laki mbili na nusu. Umetengeneza nembo, kadi za biashara na fulana kwa laki moja. Umebaki na laki moja ya kununua mzigo. Sasa niambie, mzigo wa laki moja ukikuletea faida ya elfu ishirini kwa wiki, hizo laki tisa zitarudi lini? Ni wiki arobaini na tano, na hapo hujala, hujapanda daladala na hujalipa kodi ya chumba. Geuza hesabu hiyo: laki tisa kwenye mzigo, laki moja kwenye vifaa. Mzigo unazunguka. Laptop haizunguki, inakaa mezani na kila mwezi thamani yake inashuka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi: uza kwanza, nunua kifaa baadaye. Kifaa kinunuliwe na faida, kisinunuliwe na mtaji. Na kabla hujatoa hela, jiulize swali moja: bila kitu hiki, ni mauzo gani ninayoyakosa leo? Kama huwezi kumtaja hata mteja mmoja uliyemkosa, hukihitaji.

"Sasa nitumie nini?" Tumia ulichonacho mfukoni.

Simu. Simu janja ya kawaida inatosha kuanzia. Kama unanunua iliyotumika Kariakoo au kwa mtu, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, halafu itume kwa ujumbe kwenda 15090 kabla hujatoa hela. Utajibiwa hiyo namba ni ya simu ya aina gani, na kama jibu halifanani na simu uliyoshika mkononi, rudisha simu na uondoke. Tunakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa nchi nzima. Ukague betri na kamera pia, maana kamera ndiyo dirisha la duka lako.

WhatsApp Business. Ipo tangu 2018 na ni ya bure. Watu wengi wanaitumia kama WhatsApp ya kawaida, hawajui walichonacho. Ina katalogi ya kuweka bidhaa kwa picha na bei, ina majibu ya haraka ya maswali yanayojirudia, ina ujumbe unaojituma wenyewe ukiwa umelala, na ina lebo za kutenga aliyelipa na anayedaiwa. Hiyo katalogi ndiyo tovuti yako kwa mwaka wa kwanza. Mteja wa Mbagala hatafuti anwani ya tovuti. Anatafuta picha, bei na namba ya kupiga.

Ramani ya Google. Kama una sehemu ya kudumu, hata kibanda, isajili bure ili mtu akitafuta "fundi cherehani" karibu yake akuone. Na waombe wateja walioridhika waandike maoni. Maoni kumi ya kweli yana nguvu kuliko wafuasi elfu tano wa kununua.

Lipa namba. Chukua ya mtandao wowote wateja wako wanaoutumia zaidi. Siku hizi mifumo inaongea: Benki Kuu ina TIPS inayounganisha benki na mitandao ya simu, na kuna alama ya TANQR inayoweza kusomwa na watoa huduma tofauti. Huna haja ya kubeba laini nne. Faida kubwa ya lipa namba ni kutenganisha hela ya biashara na hela ya chips. Ila soma jedwali la makato kwanza, ujue unakatwa nini ukihamisha na unakatwa nini ukitoa. Kutoa kidogo kidogo kila siku ni kuchoma hela. Kusanya, halafu mlipe msambazaji wako moja kwa moja humo humo kwenye simu.

Daftari. Ndiyo, daftari la buku na peni. Safu nne: tarehe, nilichouza, nilichotumia, ninachodai. Ukizoea hapo, hamia kwenye jedwali la Google Sheets, ni bure na linafunguka kwenye simu. Programu za mahesabu za kulipia kila mwezi ziache kwanza. Mtu asiyeandika kwenye daftari hataandika kwenye programu ya dola kumi.

Hapo kwenye dola pana mtego wa pili. Huduma nyingi za mtandaoni zinaanza na "mwezi mmoja bure" halafu zinakata kwa dola bila kelele. Dola ikipanda, gharama yako imepanda na bei ya bidhaa yako iko pale pale. Juu yake, tangu 2022 watoa huduma za kidijitali walioko nje wanatozwa kodi ya asilimia 2 ya mauzo yao nchini, na VAT yao ipo, na mwisho wa siku anayelipa ni wewe. Kila mwisho wa mwezi kaa chini, orodhesha kila kinachokukata, futa ambacho hukukigusa kwa siku thelathini.

Mtego wa tatu ni programu za wizi. Vijana tunaona ujanja kupakua programu iliyovunjwa. Nyingi zinakuja na virusi, na kirusi kinachochukua akaunti yako kinachukua na wateja wako. Kuna mbadala halali wa bure: LibreOffice kwa barua na mahesabu, Canva kwa mabango. Na leo hii, kabla hujamaliza kusoma, weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, ile namba ya siri ya tarakimu sita. Ni sekunde chache na ni bure. Kuibiwa akaunti yenye wateja mia tatu ni gharama kubwa kuliko laptop.

Je, simaanishi usinunue laptop kabisa? Hapana. Kama kazi yako ni kuhariri video, kuchora ramani za nyumba au kuandika programu, laptop ndiyo jembe lako, nunua nzuri unayoimudu. Na biashara ikikua, mauzo ya mwaka yakifika kiwango ambacho sheria inataka utoe risiti za kielektroniki, utaingia huko na hutaweza kukwepa. Iweke gharama hiyo kwenye mipango mapema, na ulizia mifumo ya risiti inayofanya kazi kwenye simu au kompyuta kabla hujanunua mashine. Hoja yangu ni mpangilio tu. Kifaa kifuate kazi, kazi isifuate kifaa.

Sasa twende nusu ya pili.

Kuna watu, na wengine ni wazazi wetu, wanaotuambia "acheni siasa, fanyeni biashara". Nawaheshimu wazee wangu, lakini naomba waangalie hesabu hii. Kwenye kila vocha na kila bando unalonunua kuna ushuru wa bidhaa, na VAT ya asilimia 18. Mwaka 2021 serikali iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, ikasema inataka wananchi wengi zaidi waingie kwenye intaneti. Mwaka mmoja tu baadaye, 2022, msamaha ukafutwa. Yule binti anayeanza kuuza mitumba kwa simu analipa asilimia 18 juu ya nyenzo yake ya kazi. Hatujui siasa? Siasa inatujua sisi, iko ndani ya bando.

Angalia tozo za miamala. Julai 2021 zilianza, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi. Wananchi wakapiga kelele, wanasiasa wa upinzani wakapiga kelele, mawakala wakalalamika. Septemba mwaka ule ule zikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kikashuka tena hadi 4,000. Bajeti ya 2023 ikaondoa tozo ya kutuma, ikabaki ya kutoa. Aprili 2021 nako, bei mpya za bando zilipotangazwa watu walichachamaa mitandaoni na zikasitishwa haraka. Nani aliyepunguza gharama hapo? Hakuna programu ya bure iliyofanya kazi hiyo. Ni sauti za watu. Kwa hiyo anayeniambia kelele hazina faida, namwonyesha makato yangu ya mwaka 2021 na ya leo.

Halafu kuna gharama ambayo hakuna kijitabu cha ujasiriamali kinachoitaja: kuzimiwa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Siku zile watu walipoteza maisha, na sitaweka biashara kwenye mzani mmoja na roho za watu. Lakini ni lazima isemwe pia kwamba mama anayepokea oda za keki kwa WhatsApp, kijana wa bodaboda anayeitwa kwa programu, na fundi anayetangaza Instagram, wote walifungiwa duka bila barua wala fidia. Miezi mitano kabla yake mtandao wa X nao ulikuwa umefungwa, na kutumia VPN bila kusajili ni kosa tangu 2023. Serikali hiyo hiyo inapanda jukwaani kutuhimiza tujiajiri kidijitali. Huwezi kumwambia mtu ajenge kibanda juu ya ardhi ambayo unaichimba usiku.

Nililojifunza kwenye siku zile, na nakushauri ulifanye wiki hii: namba za wateja wako wote ziwe pia kwenye daftari, sio kwenye simu peke yake. Waulize kama wanapokea ujumbe mfupi wa kawaida. Niliwapigia wateja wangu wa kudumu mmoja mmoja, mzigo ukatoka kidogo. Ambaye wateja wake wote walikuwa ndani ya Instagram hakuwa na pa kuanzia. Mtandao ni wa kukodi, wateja ndio mali yako.

Kwa hiyo tunadai nini? Naweka mambo matatu, yajadiliwe kwenye matawi. Kwanza, VAT iondolewe tena kwenye simu janja za bei ya chini, na safari hii bei za rejareja zifuatiliwe ili msamaha ufike kwa mnunuzi usiishie kwa muagizaji. Pili, ushuru wa bidhaa kwenye bando upunguzwe kwa ratiba inayojulikana. Tatu, kuwe na sheria inayokataza kuzima intaneti bila amri ya mahakama, na atakayezima awalipe waliopata hasara. Na ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ilisimamishwa 2023 kabla ya kurejeshwa, tuifuatilie kata kwa kata: nani kapewa, kwa kazi gani, karejesha kiasi gani. Hiyo ni haki kisheria, sio zawadi ya mtu.

Wapo wenzetu wenye msimamo mkali watakaosema kufundishana kubana matumizi ni kuipunguzia serikali lawama. Sikubaliani nao. Kijana mwenye mzigo unaozunguka hanunuliwi kwa fulana na elfu kumi siku ya kampeni. Anaweza kuchangia nauli ya mkutano, anaweza kumlipia wakala wa kituo chakula cha mchana, anaweza kusema hapana. Njaa ndiyo inayotuuza.

Basi kila tawi lifanye jambo moja mwezi huu: kaeni Jumamosi moja, kila mwenye biashara aje na simu yake. Anayejua katalogi amfundishe asiyejua, wekeni wote namba ya siri ya hatua mbili, pitieni makato yenu pamoja. Halafu kabla ya kutawanyika, andikeni kwenye karatasi moja jumla ya kodi na tozo mlizokatwa kwenye bando na miamala mwezi uliopita. Mpelekeeni diwani na mbunge wenu hiyo karatasi, mkononi, na mumuulize atafanya nini.