Adui wa Ghala Anakaa Msituni

Mavuno yanapokwisha, mkulima wa Ivuna huanza kazi ya pili ambayo si nyepesi kuliko ile ya jembe, nayo ni kulinda alichokipata. Katika kazi hiyo anaye adui ambaye hatuhitaji kumtambulisha kwa msomaji yeyote wa Bonde la Rukwa. Ni dumuzi. Ndugu zetu wa Tabora, waliomwona kabla ya sisi wengine, walimwita Scania, kwa mfano wa lile lori kubwa, na aliyewahi kufungua gunia la mahindi baada ya miezi mitano akakuta unga na maganda hawezi kusema kuwa walitia chumvi.

Leo twapenda kusema juu ya dumuzi jambo ambalo halitiliwi mkazo wa kutosha katika mikutano yetu. Dumuzi ni mdudu wa msituni. Ghalani huja kwa sababu amekuta chakula kingi pasipo jasho, lakini nyumbani kwake ni ndani ya mti mkavu. Mkulima anaposafisha ghala lake na kulitia dawa, amemwondoa adui aliyekwisha kuingia. Wale walioko porini hawajaguswa, na msimu ujao watatafuta tena njia ya kuingia.

Asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Mbawakawa wa milimita tatu au nne hawezi kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa mabawa yake. Aliletwa na binadamu, ndani ya shehena, na ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980 wataalamu walikuwa wamekwisha kumtambua katika Mkoa wa Tabora. Kutoka hapo alisafiri kama wanavyosafiri wafanyabiashara, kwa reli na kwa barabara. Mwaka 1983 alionekana Taveta, Kenya. Mwaka 1984 alionekana Burundi, na mwaka huohuo Togo, upande wa pili wa Afrika, ambako bila shaka alifika kwa shehena nyingine. Mwaka 1993 alionekana Zambia, katika sehemu za kaskazini zinazopakana nasi.

Hapo tusimame kidogo. Watu wa mpakani wana desturi ya kusema kwamba kila balaa hutoka ng'ambo. Katika habari ya dumuzi, sisi ndio tuliokuwa ng'ambo. Jirani zetu wa Zambia hawakuwa na mdudu huyu mpaka alipokuwa amekwisha kukaa kwetu zaidi ya miaka kumi. Na miaka michache kabla ya hapo safari ilikuwa imekwenda kinyume. Mwaka 1986 kidukari mgeni wa misaipresi, ile miti ambayo Biblia zetu huiita miberoshi, alionekana Malawi, na muda haukupita mrefu akawa ameingia katika mashamba ya miti ya nyanda zetu za juu, kisha akapanda mpaka Kenya mwaka 1990. Yule hakungoja mti ufe. Alinyonya utomvu wa mti ulio hai, matawi yakageuka rangi ya kahawia kutoka ndani kwenda nje, na mti mzima ukakauka. Wala hakuishia kwenye miti ya kupandwa. Aliishambulia pia miangati ya asili katika milima ya Afrika Mashariki, na ule mwerezi wa Mlima Mulanje, ambao ni mti wa asili wa mlima huo. Mdudu akiingia msitu wa asili, hasara yake haipimwi kwa bei ya mbao peke yake, maana ule ndio msitu unaoshika maji ya mito, na hapana kitalu kinachoweza kuurudisha katika maisha ya mtu mmoja.

Dumuzi hafanyi hivyo. Haui mti ulio hai. Hutoboa tawi lililokufa, hasa lile lililokatwa na mbawakawa wengine wenye pembe ndefu, ambao huzungusha meno yao kwenye tawi mpaka likanyauka. Humo hula, na katika aina fulani za miti huzaa. Watafiti waliotega mitego katika mapori ya Kenya na ya kwetu walimpata mbali na shamba lolote la mahindi. Dume akikuta chakula hutoa harufu inayowaita wenzake, wa kike kwa wa kiume, na wataalamu wamejifunza kuitengeneza harufu hiyo na kuitia mitegoni. Basi mtu akituuliza kama dumuzi ataondoshwa kabisa katika nchi hii, jibu letu ni kwamba hataondoshwa. Amekwisha kuwa mwenyeji wa misitu yetu. Tunachoweza ni kumzuia asile jasho la mkulima, na kumzuia asipelekwe mahali ambapo bado hajafika.

Ivuna ni mahali palipozoea wageni. Tarehe 16 Desemba 1938 lilianguka hapo jiwe kutoka mbinguni, na jiwe hilo likawa maarufu kiasi kwamba wataalamu wa dunia nzima wameita jamii nzima ya mawe ya namna hiyo kwa jina la Ivuna. Mgeni yule alipimwa, akaandikwa, akagawanywa kwa majumba ya makumbusho. Huyu mgeni wa pili, aliyekuja bila kishindo, amegusa vyungu vingi zaidi, na hatujaona mtu akimwandika kwa bidii ya namna ile.

Hasara yake yajulikana. Katika uchunguzi uliofanywa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, mahindi yaliyowekwa kwa muda usiofika miezi sita yalipoteza karibu sehemu 9 katika kila 100 za uzito wake kwa wastani, na katika ghala lililoshambuliwa vibaya hasara ilifika sehemu 34. Mihogo mikavu hupata taabu kubwa zaidi, kwani katika majaribio zaidi ya nusu yake iligeuka vumbi kwa miezi minne. Tuseme kwa lugha ya nyumbani. Mwenye magunia kumi, akiwa na bahati mbaya, hubaki na sita na kitu, na yale yaliyobaki hayauziki kwa bei ya mahindi safi. Hapo ndipo mlanguzi anapoingia mlangoni. Mkulima anayemwogopa dumuzi huuza mwezi wa Juni, bei ikiwa chini, na mwezi wa Januari hununua chakula kilekile kwa bei ya juu. Twasema wazi kuwa nusu ya nguvu ya mlanguzi wa mazao inatokana na mdudu huyu. Asemaye kwamba habari za wadudu ni za Bwana Shamba peke yake, hazihusu siasa, hajaitazama biashara hii kwa makini.

Wazee hufundisha kwamba nafaka iliyokauka sana haiharibiki. Kwa fukusi maneno hayo yana ukweli mwingi. Kwa dumuzi hayatoshi, maana yeye aliumbwa kutafuna kitu kikavu kama mti, na mahindi makavu hayamshindi. Desturi nyingine ya zamani, ile ya kuweka mahindi katika magunzi yake, humsaidia. Punje iliyoshikwa imara na gunzi humpa mahali pa kujikaza anapotoboa. Punje zilizopukuchuliwa humteleza. Ndiyo sababu katika miaka ya 1980 wakulima walihimizwa kupukuchua mapema na kuchanganya mahindi na dawa ya unga yenye viini viwili, kwa kuwa kiini kilichozoeleka kwa kuua fukusi kilikuwa dhaifu kwa dumuzi, na kile kilichomweza dumuzi kilikuwa dhaifu kwa fukusi. Siku hizi ipo pia mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia, ambamo mdudu hukosa pumzi akafa bila dawa yoyote. Mifuko hiyo ni mizuri, ila haina budi kufungwa barabara, na nafaka iwe safi na kavu kabla ya kutiwa.

Kuna jambo la hatari ambalo hatutalinyamazia. Wako watu wanaotia katika chakula dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya pamba au mboga za shambani. Kufanya hivyo ni kumwua dumuzi na kumlisha mtoto sumu. Tena wako wauzaji wanaofungua pakiti za dawa na kuongeza vumbi lisilo na nguvu. Hao twawaita wahujumu bila kutafuta jina laini. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina uwezo wa kuwafikia, na twataka iwafikie katika minada ya vijijini, si katika maduka ya mijini peke yake.

Turudi msituni, maana huko ndiko neno letu lilikoanzia. Kihenge cha Ivuna hujengwa kwa miti. Mara nyingi nguzo zake zimesimama miaka mingi, na ndani ya nguzo hizo dumuzi hungoja. Mkulima hufagia sakafu, huchoma mabaki, hutia mahindi mapya, naye adui yuko katika ukuta uleule. Kuni nazo hurundikwa kando ya ghala. Tukumbuke kwamba Ivuna imechemsha chumvi tangu karne nyingi. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi hapo mwaka 1966 walikuta dalili za kazi hiyo za zamani sana. Mahali palipotengenezwa chumvi kwa moto ni mahali palipoletewa kuni kutoka mbali, na mzigo wa kuni kavu ni gari linalomfaa dumuzi kuliko gunia. Hatusemi watu waache kuni. Twasema kuni zikae mbali na nafaka, na nguzo za kihenge zikaguliwe, zile zenye matundu ziondolewe na kuchomwa.

Wako wanaodai kuwa dawa ni kuchoma pori. Twawapinga. Moto huua miti midogo na kuacha matawi makavu mengi zaidi kuliko yaliyokuwapo, na hayo ndiyo chakula cha dumuzi. Zaidi ya hayo, moto huondoa nyuki na mboji, vitu ambavyo mkulima wa Momba huvihitaji kila mwaka.

Iko njia yenye akili kuliko moto. Huko Meksiko na Amerika ya Kati dumuzi ana adui yake, mbawakawa mdogo mweusi ambaye huifuata ile harufu ya madume na kula mayai na mabuu. Aliachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992 baada ya kuchunguzwa kwamba hatageuka balaa jingine. Hakufanya kazi sawasawa kila mahali, wala hakuondoa haja ya kutunza ghala, lakini yeye huingia porini, mahali ambapo hapana mtu atakayepeleka pampu ya dawa. Kwa kidukari wa misaipresi ilifanyika vivyo hivyo, pale nyigu mdogo alipoletwa kutoka Ulaya na kuachiliwa Malawi na Kenya katika miaka ya 1990, akapunguza nguvu ya adui huyo.

Watu wa Bonde la Rukwa hawawezi kuyaita mambo haya hadithi za vitabuni. Nyanda zao ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu, na tangu mwaka 1949 nchi za sehemu hii ya Afrika zimekuwa na shirika la pamoja la kupambana nao, lililoanzia Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia. Mwaka 2009 makundi ya nzige hao katika nyanda za Ziwa Rukwa na Katavi yalipigwa kwa kuvu inayowaua nzige, badala ya sumu ya kawaida, na mavuno ya watu wengi yakaokoka. Nzige alitufundisha kukaa meza moja na jirani kwa sababu alionekana angani, tena kwa maelfu. Dumuzi haonekani angani, na kwa hiyo meza yake haijaandaliwa.

Twataka iandaliwe Tunduma. Kituo cha pamoja cha mpaka kilifunguliwa mwaka 2019, na wakaguzi wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja. Mwezi wa Desemba 2023 Malawi ilizuia mahindi yasiyosagwa kutoka kwetu na Kenya kwa hofu ya ugonjwa wa mahindi, na malori yakakwama. Msomaji aone jinsi afya ya mmea inavyoweza kufunga barabara kwa siku moja. Ndugu zetu makuli, madereva na makarani wa mpakani ndio wa kwanza kupoteza ujira. Hao ndio macho tunayoyahitaji. Kuli aonaye unga unamwagika kutoka gunia lisilo na tundu la panya, au mbao mbichi zenye magome zikipakiwa pamoja na nafaka, awe na mtu wa kumwambia, na asichekwe anapomwambia.

Kwa Halmashauri ya Momba twaomba mitego ya harufu iwekwe kando ya misitu na hesabu yake isomwe kwa wanavijiji, wajue mapema msimu upi dumuzi ni wengi. Na kwa matawi ya Chama katika Kata ya Ivuna twaomba mkutano mmoja kabla ya mahindi kutoka shambani, wenye ajenda fupi: ni vihenge vingapi vimesimama juu ya nguzo zenye matundu, na ni nani watakaoshika shoka kwenda kubadili nguzo za wajane na wazee wasioweza kubadili zao wenyewe.