Chai ya Saa Nne na Sifa za Zamani

Naomba nafasi katika gazeti letu hili niseme neno juu ya chai ya saa nne. Wapo wazazi, na walimu wenzangu pia, wanaosema kwamba chai hii ni anasa tu, yafaa iondolewe na fedha yake inunue vitabu. Hoja yao kubwa ni hii: "Sisi zamani tulisoma bila chai ya sukari, na tukafaulu. Watoto wa siku hizi wamedekezwa mno."

Mimi nami ni mmoja wa hao waliosoma zamani, kwa hiyo naweza kuisema zamani hiyo bila kuisingizia.

Ni kweli kwamba wengi tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikunywa chai bila sukari. Lakini wanafunzi waambiwe na sababu yake. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Sukari, sabuni na khanga vilikuwa vitu vya kupangia foleni. Mwaka 1983 Serikali ilifanya msako wa wahujumu uchumi, na watu wengi walikamatwa kwa kuficha bidhaa. Nyumbani kwetu sukari ilifungiwa kabatini, ikatolewa kwa mgeni au kwa mgonjwa tu. Miaka hiyo maradhi ya watoto yalikuwa mengi ajabu!

Je, hiyo ilikuwa subira? Hata kidogo. Kukosa si kujinyima. Asiye na sukari hawezi kujisifu kwamba hakuitia kikombeni. Kuanzia mwaka 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa, na sukari ikarudi madukani, hao hao waliosifiwa kwa subira walitia vijiko vinne na kukoroga kwa furaha. Siwalaumu. Nasema tu kwamba tusiwapime vijana kwa shida ambayo sisi wenyewe hatukuichagua.

Tena tukumbuke kwamba chai yenyewe si ya kale kwetu. Ililetwa Amani, katika milima ya Usambara, wakati wa Wajerumani, na kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1926. Kila kizazi kina starehe yake ndogo ambayo waliotangulia hawakuwa nayo.

Na je, ni anasa kwa nani? Wapo wanafunzi wa kutwa wanaotoka kwao alfajiri, wakatembea mwendo mrefu, hawajatia kitu kinywani. Kwao kikombe hicho na andazi moja ndicho chakula cha kwanza cha siku. Kuwaondolea ni kuwafundisha hesabu huku matumbo yao yakisoma somo jingine. Wahenga walisema kweli: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Sasa nageukia wanafunzi, maana msije mkadhani nimewatetea bure. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari tunayoiongeza isipite sehemu ya kumi ya nguvu tuipatayo katika chakula cha kutwa, na ni bora zaidi ikishuka hadi gramu 25 hivi, yaani vijiko vidogo sita. Chupa moja ya soda yaweza kukimaliza kiasi hicho peke yake. Basi, mwenye kutia vijiko vinne saa nne, akanunua soda mchana, hastarehe tena. Amekuwa mtumwa wa ulimi wake.

Shauri langu ni hili. Chai ibaki, lakini kila mmoja apunguze kijiko kimoja. Kijiko kidogo ni gramu nne. Katika shule yenye wanafunzi 400, hizo ni gramu 1,600 kila siku, na kwa siku 190 za masomo ni kilo 304. Fedha ya kilo hizo na inunue vitabu. Hapo ndipo mtakapokuwa mmejinyima kweli, kwa kuwa sukari ilikuwapo mezani, nanyi mkaiacha kwa ajili ya jambo bora. Hayo ni makubwa kuliko sifa zetu za zamani.

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Miaka thelathini ijayo wengi wenu mtakuwa mmesahau kanuni nyingi tunazowafundisha, lakini mtakikumbuka kikombe cha moto na wenzenu mlioketi nao chini ya mwembe. Mtakapokuwa wazee, waambieni watoto wenu habari zake zote, pamoja na kile kijiko mlichokiacha.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye mengine na aandike, gazeti ni letu sote.