Anza na msumari, panga litakungoja

KAULI YA JUMAPILI
Na Hamisi Mfinanga

Panga langu la kwanza lilikufa kwa mlio mmoja. Nilikuwa nimeshinda siku nzima nikilifua kutoka springi ya gari. Lilinyooka, likapata tumbo zuri, nami nikalichovya kwenye ndoo ya maji likiwa jekundu, wanangu wakitazama. Tukasikia "tii!" kama glasi. Ufa ulikuwa umetambaa kutoka kwenye makali hadi karibu na mgongo. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakucheka. Aliuliza tu: "Mwanangu, misumari umefua mingapi?"

Sikuwa nimefua hata mmoja.

Nimelikumbuka panga hilo kwa sababu mwezi huu vijana watatu wameniuliza wanunue nini ili waanze uhunzi. Wote watatu wanataka kufua visu. Mmoja ameshapata na jina la kulichonga kwenye mpini. Siwalaumu, nami nilikuwa hivyo hivyo. Lakini nimeshaona wanaoanza wakikata tamaa, na sijaona hata mmoja aliyeangushwa na ukosefu wa vifaa. Wanaangushwa na kuanzia mwishoni.

Vifaa nitavipitia haraka. Nyundo ya kilo moja inatosha. Nzito zaidi ya hapo itakuchosha mkono kabla haujajifunza kulenga. Koleo moja linaloshika sawasawa lina faida kuliko matano yanayoteleza. Fuawe ya dukani ni ghali, na sisi Wapare watani wetu wameshatusema vya kutosha kuhusu kubana senti, kwa hiyo mimi nilisimamisha kipande cha ekseli ya lori ndani ya gogo, nikafulia hapo. Kipande cha reli nacho ni kizuri, ila kiwe cha halali. Mtu asije akaenda kung'oa njia ya treni akasema Mfinanga ndiye aliyemtuma. Babu zetu walifua juu ya jiwe, na majembe yakatoka. La muhimu ni kimo: simama wima, uteremshe mkono, ukunje ngumi, na uso wa fuawe ufike kwenye ngumi hiyo. Ukiwa chini zaidi, mgongo utakudai usiku.

Nguo ziwe za pamba, maana nailoni huyeyukia mwilini. Vaa viatu vya kufunika na miwani. Na usitie motoni bomba au bati lililopakwa zinki. Moshi wake mweupe utakulaza na homa usiku huohuo, nawe utadhani ni malaria.

Sasa moto. Hapa ndipo ningemweka mwanafunzi juma zima bila kumpa nyundo. Makaa ya kawaida ya jikoni yanafaa, yakivunjwa vipande vya ukubwa wa limau, na upepo upulizwe kutoka chini, kwa mvukuto wa ngozi au kwa feni ndogo. Mgeni husukuma chuma hadi kwenye mdomo wa bomba la upepo, akidhani penye upepo mwingi ndipo penye joto. Kumbe pale hewa haijaungua bado, na inakila chuma. Kinatoka kimejaa magamba. Mahali pake ni juu kidogo, katikati ya makaa, mengine yakiwa chini yake na mengine yakikifunika, kama unavyopalia wali.

Kisha jifunze rangi. Chuma chenye wekundu wa kiza bado ni kigumu; ukikipiga unaumiza kiwiko chako bure. Rangi ya chungwa ndiyo ya kazi. Manjano ni karibu mno na hatari, na ukiona kinarusha cheche kama fataki, chuma kinaungua na hakitapona, kata kipande hicho utupe. Rangi hizi hazionekani sawa juani na kivulini, ndiyo maana banda la mhunzi huwa na giza kidogo. Nilidhani ni ushirikina. Ni macho tu.

Baada ya hapo, msumari. Chukua kipande cha nondo nyembamba au chuma laini chochote, ukitie rangi ya chungwa, uchonge ncha kwa nyundo. Utatamani kukizungusha upate mviringo mara moja. Usifanye hivyo. Ncha itaachama katikati kama mdomo wa samaki. Piga pande nne kwanza, piga mbili, geuza, piga mbili, mpaka ipatikane ncha ya mraba. Ndipo uvunje kona zipatikane pande nane, na kutoka nane ndipo mviringo unapokuja wenyewe. Wekundu ukianza kufifia, rudisha motoni, hata kama ulibakiza pigo moja. Hilo pigo moja ndilo linalopasua.

Ndani ya msumari mmoja mna kuchonga ncha, kukata na kufinya kichwa. Ukishindwa umepoteza dakika tano, wala huna panga la kulilia. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu walifunga mbao kwa misumari iliyofuliwa kwa mkono hivyohivyo, na bahari ilikuwa ndiyo msimamizi wa mtihani.

Mzee alinieleza baadaye kilichoua panga langu. Springi ina kaboni nyingi kuliko chuma laini, kama asilimia 0.6, na kaboni hiyo ndiyo inayoifanya ishike makali. Lakini maji huipoza kwa ghafla mno, ikajikaza hadi ikapasuka. Springi hutaka mafuta. Unaipasha moto mpaka sumaku isiishike tena, kwenye nyuzi 770 hivi, unaichovya, kisha unairudishia joto dogo hadi uso uliosuguliwa upate rangi ya majani makavu, ili ugumu upungue isije ikavunjika. Maneno hayo niliyaelewa kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshafua misumari arobaini. Angeniambia siku ya kwanza yangepita kama upepo.

Nina nongwa moja. Siku hizi kijana akisema anapenda kazi ya chuma, kila mtu anamwonyesha mashine ya kuchomelea. Ni kazi njema, inalisha familia nyingi, na mageti yetu yote yametoka huko. Ila mchomeleaji huunga chuma kilichokwisha kupewa umbo kiwandani. Mhunzi ndiye anayekipa umbo, naye tumemwacha azeeke peke yake. Katika historia ya Wapare aliyoiandika Isaria Kimambo mwaka 1969, Washana, ukoo wa wahunzi, ndio walioitawala Ugweno kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua. Nyundo iliwahi kukaa kwenye kiti cha enzi! Na huko Buhaya, miaka ya 1970, wazee walijenga tanuri kwa kumbukumbu tu, wakayeyusha chuma mbele ya wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery, ambao mwaka 1978 walichapisha matokeo katika jarida la Science. Waliokuwa wakijua kazi hiyo walikuwa wazee watupu. Wataalamu hao wangechelewa kidogo wangekuta makaburi.

Kwa hiyo vijana wangu watatu, jibu langu kuhusu cha kununua ni hili: msinunue kitu bado. Tafuteni mzee ambaye mvukuto wake haujaliwa na mchwa. Pelekeni sukari na majani ya chai, ombeni kupuliza moto wake kwa mwezi mmoja, na msiguse nyundo hadi awape mwenyewe. Na kama mzee huyo ni babu yako wa damu, nakusihi uende kabla ya mvua za masika. Njia za milimani huwa mbaya, na kwa umri wake kusubiri si jambo la kuzoeleka.