Staa, Ukubwa wa Nchi Sio Hali ya Hewa!

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, katoka Marekani anatamba mtandaoni eti Tanzania ni joto tu, nchi ndogo. Na mashabiki wanashangilia!

Sawa, Marekani ni karibu mara 10 ya Tanzania, ina barafu ya Alaska na jangwa la Arizona. Lakini mwinuko nao unabadilisha hewa: Kilimanjaro, mita 5,895, katikati msitu wa mvua, kileleni barafu. Mwezi wa saba Makete baridi inaunguza mazao, Dar watu wanawasha feni.

Nyamuswa wana vuli na masika, Dodoma wana msimu mmoja tu wa mvua. Dogo wa Nyamuswa akimwamini staa, akalime Dodoma kwa kalenda ya kwao, njaa itamlipia nani? Staa?