Filamu Fupi na Somo la Hadithi

Wako wanaodhani kwamba mwanachuo aendaye sinema mjini Arusha hupoteza wakati. Mimi siafiki, hasa zinapoonyeshwa filamu fupi zilizoteuliwa kuwania tuzo.

Chukua "Watu Wote" ya Katja Benrath, iliyowania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Ilikuwa kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha Hamburg, Ujerumani, nayo yatokana na shambulio la basi karibu na Mandera, Kenya, Desemba 2015. Abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Yote hayo kwa dakika 22! Kipindi chetu cha dakika 40 mara nyingi huisha tungali katika utangulizi. Tena filamu haihubiri: mwanamke Mwislamu amfunika Mkristo ushungi, na mtazamaji aelewa. Sisi hadithi ikiisha tu twauliza, "Tumejifunza nini?" kabla watoto hawajavuta pumzi.

Watoto wadogo wasionyeshwe filamu hii, maana ina mauaji. Lakini wewe itazame, uifurahie. Kisha katika mazoezi ya kufundisha, hadithi ikiisha, nyamaza kidogo. Aanze mtoto kusema.