Kung'olewa gego si sababu ya kulala njaa

Sisi wahudumu wa afya wa jamii tukipita nyumba kwa nyumba huwakuta watu waliong'olewa gego la mwisho, lile liitwalo jino la hekima, wakiwa hawajala siku mbili au tatu. Ukiwauliza, wanajibu: posho ni mahindi na maharagwe, nitatafuna nini? Mimi siikubali hoja hiyo. Kidonda hakifungi vizuri kwa mtu mwenye njaa, na posho hiyo hiyo inaweza kulainishwa.

Lakini kwanza tulinde shimo. Damu iliyoganda mle ndani ni kifuniko cha mfupa. Kikitoka mapema, maumivu makali huanza siku chache baadaye na kupanda hadi sikioni. Kwa hiyo siku ya kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinyonye kwa mrija. Sigara na pombe uviache kwa siku kadhaa. Majirani wenye huruma huleta maji ya chumvi saa ile ile mgonjwa anaporudi. Chumvi ni nzuri, ila ingoje saa 24. Baada ya hapo, nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji safi ya uvuguvugu, taratibu, kila baada ya kula.

Chakula sasa. Uji mwepesi uliopoa, wenye kijiko cha mafuta, na karanga zilizosagwa laini kama zipo. Maharagwe yapikwe mpaka yapasuke, yapondwe na kuchujwa maganda. Najua kuni ni shida, basi yalowekwe usiku kucha. Dagaa watwangwe wawe unga. Ndizi mbivu, parachichi au yai, ukijaliwa. Kula kidogo kidogo mara nyingi, na utafune upande mwingine. Bisi na mahindi ya kuchoma yasubiri. Unga wa lishe wa mtoto au wa mama mjamzito usiguswe, huo umepimwa kwa ajili yao.

Na kama aliyeng'olewa ni mama wa nyumba? Hapo ndipo wengi tunakosea. Anaachiwa jiko na dumu la lita 20 siku ile ile, damu inaanza upya. Baba na vijana wapike na wachote maji angalau siku mbili.

Damu isipokoma hata baada ya kuuma kitambaa safi dakika 30, au ikija homa, au uvimbe ukazidi baada ya siku ya 3, rudi zahanati siku hiyo hiyo. Akishindwa kumeza au kupumua, apelekwe hata usiku.